Kuisikia Tena Sauti Yako: Mwongozo wa Wiki Nne kwa Mwanamke Anayeanza

Maswali ni yale yale. Huniletea wanawake wa huku Kusini mwa Tanzania, wa Shangani na wa Mtama, wa Newala na wa Kilwa Masoko, mara nyingi kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kikishafunga sanduku na wenzao wameshaondoka. "Nikiulizwa nataka nini, sina jibu." "Nitajuaje kwamba hili ni wazo langu, si la mama?" "Mimi kuandika sijui vizuri, nifanyeje?" "Hivi huu si ubinafsi?" Nayajibu yote hapa, hatua kwa hatua, ili mwenye haja aanze leo bila kumsubiri mtu.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye kwa miaka amekuwa akijibu "vyovyote", "nyie amueni", "mimi sina neno", mpaka siku akitafuta neno lake halioni. Neno hilo halijafa. Limefunikwa na maneno ya watu wengine, na kazi yetu ya wiki nne ni kuyatenganisha.

Kabla hujaendelea, jambo moja. Kama nyumbani unapigwa au unatishiwa, usianze na daftari. Anza na usalama wako: mwambie mtu unayemwamini, na ufike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Daftari litakusubiri.

Kwa nini sauti hufunikwa? Nitasema kwa ufupi. Huku kwetu msichana hufundwa. Kungwi na somo walitufundisha mengi mazuri: usafi, heshima, kuishi na watu. Walitufundisha pia kunyamaza, na tuliyashika yote kwa pamoja bila kuyachagua. Juu ya hapo, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili tunahesabu ukoo kwa mama, na watu wa mbali hudhani basi mwanamke wa Kusini ndiye msemaji. Sivyo. Ukoo unaweza kuwa wa mama na msemaji wake akawa mjomba. Ukiongeza mume, wakwe, majirani na simu, unazoea kujiuliza "watasemaje?" kabla hujajiuliza "naonaje?".

Vitu vya kuandaa

Daftari dogo la shule linatosha, lile linaloingia kwenye mkoba. Usinunue kaunta buku kubwa. Litaonekana na kila mtu, na kurasa nyingi tupu zinatisha. Kalamu moja. Kitu cha kukuhesabia dakika 15, hata kitochi kina alamu.

Kama kuandika ni taabu, tumia kinasa sauti cha simu: sema, sikiliza mara moja, kisha futa. Kama huna simu ya namna hiyo, chukua vibakuli viwili na kokoto au korosho ghafi. Kila jioni kumbuka maamuzi ya siku hiyo. Lililotoka kwako, weka korosho kwenye kibakuli cha kulia. Lililotoka kwa mwingine, weka kushoto. Mwisho wa wiki utayaona kwa macho bila kuandika hata herufi.

Unahitaji pia mahali pa kuliweka daftari ambapo watoto hawatalichora na mtu mwingine hatalifungua. Chini ya kanga zako sandukuni ni sawa. Dukani kwa shoga yako si sawa.

Kuhusu msimu: wengi husema wataanza korosho zikiisha, kisha palizi ikiisha, kisha ufuta ukiisha. Mwaka hauna nafasi hiyo. Oktoba hadi Desemba, wakati wa kuokota na kupeleka ghalani, fanya dakika 5 badala ya 15. Anza hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Chagua saa, uitetee

Saa nzuri ni ile ambayo hakuna anayekuita. Kwa wengi ni baada ya alfajiri kabla ya kuamsha watoto. Wengine hukaa jioni vyombo vikishaoshwa. Wanaokwenda kushika pweza siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, wameniambia hawapati kimya kama kile cha njiani wakirudi. Basi hapo ndipo pao, watasema kwa mdomo au kwa simu. Kitandani hapafai, utalala.

Waambie wa nyumbani kwa lugha nyepesi na ya kweli: "Nina kazi yangu ya robo saa, nikimaliza nakuja." Usisingizie kuumwa. Ukianza kwa kujificha nyuma ya maradhi, umeshasema kwamba muda wako hauna haki ya kuwepo.

Hatua ya 2: Siku nne za kwanza, andika kilichopo tu

Usitafute jambo kubwa. Kaa, weka alamu, andika kinachopita kichwani. Utashangaa: itatoka orodha ya kazi. Sabuni imeisha, mtoto anadaiwa mchango shuleni, ndoo inavuja, shemeji hajalipa. Iandike yote. Hicho ni kifuniko cha juu, na lazima kitoke kwanza. Orodha ikiisha, usiondoke. Kaa na kalamu mkononi mpaka alamu ilie. Sentensi inayokuja baada ya orodha, hata kama ni "nimechoka", ndiyo tunayoitafuta.

Andika kwa lugha unayogombea nayo. Kama ni Kimakonde, andika Kimakonde. Kama ni Kiswahili kilichochanganyika na Kimwera, sawa. Usisahihishe herufi. Hakuna mwalimu.

Angalizo: usipeleke ulichoandika kwenye status. Ukishaweka fumbo hewani, unaanza kusubiri nani ameliona, na sauti za watu zimerudi kabla yako hujatoka.

Hatua ya 3: Uliza mwili

Siku tatu zinazofuata, ongeza swali moja: "Leo nilikaza wapi?" Shingo, kifua, tumbo, taya. Andika na ilikuwa wakati gani: simu ya nani ilipoita, nani alipoingia, ulipokubali nini. Hapa hakuna la kufasiri. Andika tu "tumbo, nilipoambiwa niwe mweka hazina". Mwili mara nyingi umeshajibu wakati mdomo bado unasema "haina shida".

Hatua ya 4: Kusanya lazima zako, umtafute mwenyewe wa kila moja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ninaiomba wiki nzima. Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya hii.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kila sentensi inayoanza kwa "lazima", "inabidi", "haifai", "mwanamke gani". Upande wa kulia andika ni ya nani: mama, kungwi, mjomba, mume, wifi, sheikh au padri, jirani, mtandao, mimi. Mfano:

Lazima mchango wangu wa harusi usiwe mdogo kuliko wa wifi — wifi.
Mwanamke halali mchana — bibi.
Haifai kuuliza mume pesa za korosho zimekwenda wapi — sijui, labda nilisikia unyagoni.
Inabidi watoto wasome — mimi.
Lazima nibakize mbegu hata tukiwa na njaa — mama.

Ukifikisha ishirini hivi, rudi juu na uchambue, kama unavyochambua choroko kwenye ungo. Mbele ya kila sentensi weka alama moja kati ya tatu: *nabaki nayo*, *naiacha*, *bado*.

Wanaoanza hukosea hapa kwa namna mbili. Wa kwanza hudhani kila lisilotoka kwake ni la kutupa. Hapana. Ile ya mbegu ni ya mama, na mkulima yeyote mwenye akili ataibakiza. Tofauti ni kwamba sasa umeishika kwa mkono wako, umeitazama, umeikubali. Ikishakubaliwa hivyo ni yako. Wa pili huweka *nabaki nayo* kila mahali kwa hofu ya kuonekana amewasaliti wakubwa. Huyu namwambia: daftari halisemi na mtu. Kuandika *naiacha* hakumtukani bibi yako.

Nakupa mfano mmoja kamili, maana hapa ndipo watu wananiuliza sana. Mama mmoja wa vijijini Lindi alikuwa anajiandaa kumcheza binti yake, yaani kumfanyia ngoma ya unyago. Pesa ya ufuta ilikuwa imeingia. Sentensi yake ilikuwa: "Lazima ngoma ya mwanangu ipite ile ya jirani." Mwenyewe: jirani. Ilikuwa rahisi kuweka *naiacha* na kumaliza. Lakini alipokaa nayo siku ya pili aliandika chini yake: "Mimi sikuchezwa vizuri, mwaka ule baba alifariki." Hilo lilikuwa lake kabisa, hakuna aliyempa. Kwa hiyo kumbe ngoma aliitaka kweli. Asichokitaka ni ukubwa wake, spika za kukodi na sare za watu wengi. Akafanya ngoma ya ndani, na makungwi wawili, na pesa iliyobaki ikalipa bweni. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: sauti yako haiji kila mara kupinga. Mara nyingi inakubaliana na watu, ila inataka kwa kipimo chake.

Hatua ya 5: Maswali madogo, usiulize "kwa nini"

Wiki ya tatu. "Kwa nini mimi niko hivi?" ni swali linalozunguka bila kutua, utajaza kurasa na utalala na kichwa kizito. Uliza *nini*, *wapi*, *lini*. Chagua moja kwa siku:

- Leo nini kilinipa nguvu, hata kwa dakika moja?
- Wapi nilisema ndiyo huku nataka hapana?
- Kama hakuna ambaye angejua, ningechagua nini?
- Nilipokuwa binti mdogo, kabla ya kufundwa, nilipenda kufanya nini mpaka nasahau kula?
- Mdogo wangu akiniletea jambo hili hili, ningemwambia nini?

Swali la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Tuna hekima nyingi kwa wadogo zetu, kwetu wenyewe tunakosa. Jiite kwa jina lako, uandike kama unamwandikia yeye.

Hatua ya 6: Kama kuna jambo zito

Si kila mtu ana hatua hii, ruka kama haikuhusu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika juu ya jambo lililowaumiza sana maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika yaliyotokea pamoja na walivyoyahisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Yote mawili yakumbuke.

Basi fanya hivi: siku nne tu, dakika 15, mchana na si usiku, na uwe na kitu cha kufanya baada yake, kama kwenda kisimani au sokoni. Andika kilichotokea na ulivyojisikia. Siku ya nne ikiisha, funga. Kama msiba ni wa juzi, au kila ukigusa kalamu unatetemeka, acha kabisa. Jambo hilo linahitaji mtu wa kukaa nawe.

Hatua ya 7: Jaribu kwa uamuzi mdogo

Kanuni ni moja: kwanza andika, kisha uliza. Kabla hujasikia mwingine anasemaje, andika jibu lako la mstari mmoja. Leo tule nini. Kanga ipi. Niende kwenye shughuli ya Jumamosi au nisiende. Mchango wangu ni shilingi ngapi. Halafu ndipo uwasikilize wengine. Unaruhusiwa kubadilisha jibu baada ya kuwasikia, ila sasa unajua umebadilisha kutoka wapi.

Ukishazoea, fanya hivyo kwa pesa. Mnada wa korosho ukipita na chama cha msingi cha wakulima kikianza kulipa, ndani ya siku chache kila mtu ana mpango na pesa hiyo: bati, pikipiki, deni, ngoma. Andika mpango wako kabla ya malipo, wakati bado kumetulia. Ukiwekwa kikao cha familia, utaingia na karatasi na si na kifua kilichobana.

Angalizo kubwa: wiki hizi nne usiamue kuvunja ndoa, kuuza shamba wala kuacha kazi. Sauti iliyofunikwa miaka mingi ikitoka huwa kali mwanzoni. Iache ipoe ndipo uipe mambo makubwa.

Hatua ya 8: Sema sentensi moja kwa mtu mmoja

Chagua jambo dogo na mtu asiyekutisha. Heshima inabaki pale pale. Tunaongeza neno letu juu yake, hatuiondoi. Hizi ni sentensi ambazo wanawake wamezitumia na zikapita:

Kwa mjomba: "Shikamoo mjomba. Nimekusikia vizuri. Naomba na mimi niseme ninavyoona, kisha utanielekeza."
Kwa mume: "Baba Hamisi, hili nipe mpaka kesho, nitakujibu."
Kwa mama mkwe: "Mama, nimelipokea. Kwa sasa nitafanya hivi, nikikwama nitakuja kwako."
Kwa kikundi: "Mimi safari hii sitaweza kuwa mweka hazina. Nitasaidia kupika."

Ukimaliza sentensi, nyamaza. Kosa la wengi ni kuendelea kujieleza mpaka wanaiondoa wenyewe. Sababu moja inatosha, na mara nyingine hata hiyo haihitajiki.

Kama neno lako linahusu ardhi au mikorosho, pitia kwanza ofisi ya kijiji ujue shamba limeandikwaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Ukienda kwa wazee ukijua hilo, sauti yako haitapanda wala haitatetemeka.

Hatua ya 9: Kila Ijumaa au Jumapili, soma

Siku unayopumzika soma wiki nzima bila kuandika kipya. Zungushia neno linalojirudia. Kama "bahari" au "cherehani" au "dada" imetokea mara nne, usiifasiri haraka. Iweke iwe swali la wiki inayofuata.

Ukikwama

*Nikikaa tu nasinzia.* Basi sauti imesema: umechoka. Lala hizo dakika 15 kwa siku mbili tatu, kisha hamisha saa.

*Nasikia lawama tu: mvivu, mbaya, hufai.* Sauti inayokutukana ina mwenyewe. Rudi hatua ya 4, iandike neno kwa neno, utafute ni nani alikuwa anasema hivyo. Mara nyingi utamkumbuka mpaka na mahali alipokuwa amesimama.

*Nitajuaje kama si wasiwasi?* Wasiwasi una haraka, unadai jibu sasa hivi, na kila siku unakuja na sura mpya. Neno lako husema lile lile leo, kesho na keshokutwa, hata ukilala nalo. Lipe usiku tatu. Kama ni Mwislamu na umezoea kuswali istikhara, iswali. Kama ni Mkristo, sali. Daftari na sala havigombani: daftari linakusaidia kujua unachokiomba.

*Nimegundua nina hasira na mama yangu.* Usimpigie leo. Andika siku nyingine mbili. Hasira nyingi zikiandikwa hugeuka kuwa ombi, na ombi linaweza kusemwa kwa mama.

*Daftari limesomwa.* Usikane na usigombane. Sema: "Hayo ni mawazo yangu ya siku ile, ninayapanga." Kisha hamia kwenye sauti ya simu unayofuta au vibakuli viwili.

*Je, ni ubinafsi?* Tazama matendo. Mwanamke asiyejua anachotaka hutoa kila kitu kisha ananuna, na wa nyumbani wanalipa kwa kununa huko. Anayejua hutoa kidogo pengine, lakini hadai baadaye.

*Nalia kila siku, silali, chakula hakipiti.* Hali hiyo ikifika wiki mbili, inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Anza kituo cha afya kilicho karibu. Watakuelekeza hospitali kubwa kama Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao. Kama unapata mawazo ya kujiua, nenda leo hii, na usiende wala usikae peke yako.

*Nimeacha wiki mbili.* Endelea pale ulipoachia. Usirudi hatua ya 1 kama adhabu. Wiki nne zikikamilika, mara mbili kwa wiki zinatosha, na daftari likijaa ni juu yako kulitunza au kulichoma moto jikoni.